Mama Gaudiosa na Ekari Mia Mbili za Mtoni

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko barazani, sogeza redio. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja wa Kilosa ambaye hakuwahi kushika cheo chochote, hata cha balozi wa nyumba kumi. Jina lake Filomena. Wengi walimwita Mama Gaudiosa.

Mama Gaudiosa alifariki dunia Jumatano ya wiki iliyopita, kijijini kwake Lugongoni, kando ya barabara ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita hivi. Tunasema "hivi" kwa sababu mwaka aliozaliwa haukuandikwa popote.

Alizaliwa ng'ambo ya Mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, kwa Wamakua. Hilo lishike, msikilizaji, maana lilimfuata maisha yake yote. Filomena alizaliwa Msumbiji.

Alifika Kilosa mwaka 1949, akiwa na mumewe, Vitalis. Vitalis alikuwa amejiandikisha manamba, yaani kibarua wa mkataba. Walipakiwa kwenye lori pamoja na watu wengine, wakashushwa kwenye shamba la mkonge. Walipewa chumba kimoja katika nyumba ndefu ya kambi. Ukuta wa chumba kwa chumba haukufika juu, kwa hiyo jirani akikohoa, mlikohoa wote.

Vitalis alikata mkonge. Filomena alianika singa kwenye nyaya, zile nyuzi nyeupe zinazotoka mashineni zikiwa mbichi. Mikono yake ilichanikachanika hadi ikazoea. Mwaka 1953 alimzaa binti yake wa pekee, Gaudiosa, humohumo kambini. Mwaka 1957 korona, mashine ya kuchakata mkonge, ilichukua mkono wa kulia wa Vitalis. Walipewa blanketi moja na gunia la unga. Vitalis aliishi miaka minane zaidi, akilinda ghala kwa mkono mmoja, kisha homa ya mapafu ikamchukua.

Katikati hapo, Uhuru ulikuja. Asubuhi ya tarehe tisa Desemba, mwaka 1961, watu wa kambi walichinja mbuzi wakacheza ngoma. Wamakua walicheza yao, Waha yao, Wangoni yao. Gaudiosa alikuwa na miaka minane. Anakumbuka swali alilomwuliza mama yake.

"Nilimwuliza, mama, Uhuru huu ni wetu? Akaniambia, kula nyama, mwanangu, mambo mengine tutayajua mbele."

Mbele yalijulikana. Sheria ilitoa nafasi kwa watu waliotoka nje kujiandikisha uraia. Fomu zilikuwapo mjini. Lakini hakuna aliyekwenda kambini kulitangaza jambo hilo. Filomena hakujiandikisha. Tunarudia: hakujiandikisha, kwa sababu hakujua kuwa kuna kujiandikisha.

Kisha dunia ikaanza kutumia kamba za nailoni, na bei ya mkonge ikaanguka. Mwaka 1968 shamba lilifungwa. Wenye nguvu waliondoka, wengine kwenye mashamba ya miwa, wengine relini. Waliobaki kambini ni wajane, wagonjwa, na wale waliokuwa wamepanda migomba nyuma ya nyumba wakaona haya kuiacha. Filomena alikuwa mmoja wao.

Wasikilizaji wapendwa, sasa tunafika mwaka 1974. Ni mwaka wa Operesheni Vijiji. Watu waliokuwa wametawanyika milimani waliamriwa kushuka, wakae pamoja, wapate shule, maji na zahanati. Watu wa milima ya Vidunda nao walishushwa. Wengi wao waliletwa Lugongoni, palepale penye kambi ya zamani ya mkonge.

Miongoni mwao alikuwa Mzee Melkizedek, Mvidunda, Mwanglikana, mtu wa misheni, aliyesoma hadi darasa la nne na kusoma Biblia kwa sauti kila asubuhi. Alishuka na mke, watoto sita, na mlango wa nyumba yake kichwani. Nyumba aliiacha mlimani. Mlango aliuchonga mwenyewe, hakuweza kuuacha.

Melkizedek na Filomena hawakuwa wageni wao kwa wao. Mwaka ule wa 1953, Melkizedek alikuwa ameshuka kutafuta fedha za kodi ya kichwa. Alikata mkonge miezi sita, akakaa chumba cha pili kutoka kwa Vitalis. Lakini sasa walikutana kwa jambo jingine. Walikutana kwa ardhi.

Oktoba mwaka huo uliitishwa mkutano wa kijiji, kwenye uwanja wa zamani wa kuanikia singa. Mwenyekiti alikuwa Ndugu Cleopa. Jambo lilikuwa moja: kaya za mlimani zilikuwa mia na kumi, kaya za kambi sitini na tatu, na ardhi iliyopangwa kugawiwa, upande wa vilima vya mawe, haikuwatosha wote. Je, watu wa kambi wapewe?

Mzee Melkizedek alisimama wa kwanza. Maneno yake tumeyapata kwake mwenyewe, maana yu hai na hajayasahau.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "babu yangu aliwinda katika bonde hili. Akaja Mdachi, akamsukuma mlimani. Akaja Mwingereza, akajaza bonde watu wa kila pembe wamkatie mkonge. Sisi hatukuulizwa. Leo mkonge umekufa, na mlimani nako tumeshushwa. Hatukuulizwa tena. Sasa mimi nauliza. Nyumba ikiwa ndogo, anayetoka nje ni mwenye nyumba au ni mgeni?"

Watu wa mlimani walipiga makofi. Na tuseme kweli, msikilizaji, hakusema uongo.

Watu wa kambi walipiga kelele. Mmoja alivua shati, akaonyesha makovu ya miiba ya mkonge. Mwingine alisema watoto wake hawajui hata Ruvuma iko wapi. Mtu wa mlimani akamjibu, basi wafundishe njia. Hapo ngumi zikaanza kukunjwa.

Filomena alinyoosha mkono. Wanawake hawakuwa wakisema sana kwenye mikutano ile, na labda ndiyo maana watu walinyamaza. Alimgeukia Melkizedek, aliyemzidi umri.

"Shikamoo, Baba Yunis."

Baadhi ya watu walicheka. Lakini salamu ni salamu. Melkizedek akajibu, "Marahaba."

"Uliyosema ni ya kweli," Filomena akaendelea. "Babu yako alionewa. Sibishi. Na mimi nililetwa hapa na lori la manamba, nalo ni la kweli, silifichi. Lakini tangu asubuhi tunagombania mawe. Jana nimepita mtoni kuchota maji. Kule kuna eka mia mbili za udongo mweusi zilizokuwa za shamba la mkonge. Nimekuta trekta linalima. Trekta la nani? Mbona eka zile hazimo katika mkutano wetu?"

Gaudiosa anasema Ndugu Cleopa aliinama kama mtu anayefunga kamba za viatu, na siku hiyo alikuwa amevaa kandambili.

Ekari mia mbili za mtoni zilikuwa zimechukuliwa na watu wanne wenye vyeo, waliokaa mjini. Majina yao hatutayataja. Kijijini walijua wachache, na wachache hao walinyamaza. Sasa walijua wote. Mkutano ulivunjika bila uamuzi. Wa mlimani na wa kambi waliondoka wakiulizana swali moja.

Baada ya wiki tatu Filomena alipata barua. Ilisema kwamba si raia. Ilisema alete ushahidi kwamba aliishi nchini tangu kabla ya Uhuru, uliotolewa na mwenyeji anayemfahamu. Alipewa siku thelathini. Akishindwa, arudi kwao.

Msikilizaji, kaya sitini na tatu za kambi, na wengi wao walitoka nje. Barua ilikuja moja tu.

Ushahidi gani angetoa? Karatasi za shamba zilichomwa siku shamba lilipofungwa. Vitalis alikuwa kaburini. Wenzake wa kambi nao walikuwa wa kuja, neno lao lisingehesabiwa. Siku ishirini zilipita. Gaudiosa anasema mama yake hakulia. Alipunguza tu kula, akaanza kuwagawia majirani kuku wake, mmoja mmoja.

"Nilimwambia, mama, twende kwa Baba Yunis, yeye alikuwapo. Akaniambia, mtu anayetaka nitoke ndiye nikamwombe nibaki? Siendi. Basi nikaenda mimi."

Gaudiosa alimkuta Melkizedek akipigilia ule mlango wake kwenye nyumba mpya. Alimwamkia, akaeleza. Mzee alisikiliza hadi mwisho, huku misumari ikiwa mdomoni. Kisha akaendelea kupigilia. Kesho yake asubuhi alipita mbele ya nyumba ya Filomena akiwa amevaa koti la kanisani, akaita kutoka njiani, "Gaudiosa! Gari lisituache."

Mjini Kilosa, karani alimwuliza maswali. Gaudiosa alikuwa amesimama karibu, na anayakumbuka hivi.

"Mzee, huyu Filomena ni ndugu yako?"

"Si ndugu yangu."

"Ni rafiki?"

"Si rafiki. Tunagombana."

"Sasa umekuja kumshtaki?"

"Nimekuja kusema ninachokijua," Melkizedek akajibu. "Mwaka hamsini na tatu nilimkuta pale kambini. Binti yake huyu amezaliwa mimi nikiwa chumba cha pili, nikamsikia analia kabla baba yake hajaambiwa. Ardhi mimi simpi, na mkutanoni nitampinga tena. Lakini nikinyamaza hapa, nitakuwa nimedanganya kwa mdomo uliofungwa. Andika."

Karani aliandika.

Filomena alipoambiwa, alichukua kuku wa mwisho aliyebaki, akampeleka nyumbani kwa Melkizedek. Melkizedek alimrudisha. Alisema ushahidi haulipwi. Basi kuku yule alikaa, akataga.

Kuhusu ekari za mtoni, watu wa Lugongoni waliandika barua ya malalamiko. Waliweka vidole gumba wa mlimani na wa kambi kwenye karatasi ileile. Wakaja wachunguzi. Januari 1975, ekari mia na ishirini zilirudishwa kijijini. Themanini hazikurudi, na wale wenye vyeo walikuwa na maelezo yao. Mkutano ukaitishwa upya. Ardhi sasa ilitosha kaya zote. Ndugu Cleopa aliuliza nani anaafiki watu wa kambi wapewe. Mikono mingi ilinyooshwa. Mzee Melkizedek hakunyoosha. Alikuwa amesema atampinga, na alimpinga.

Filomena alipata ekari moja na nusu.

Mwaka huohuo, mwezi wa Juni, Msumbiji ilipata uhuru. Kambini watu walifunga mizigo. Kaka yake Filomena, aitwaye Anselmi, alikuja kumchukua. Alimwambia, "Dada, sasa tuna kwetu. Huko hakuna atakayekuuliza karatasi." Kwa mwanamke aliyekuwa bado anangoja majibu ya uraia, maneno hayo hayakuwa madogo. Gaudiosa anasema mama yake alifunga mzigo mara mbili, akaufungua mara mbili. Mwishowe alimsindikiza Anselmi hadi stesheni ya Kilosa, akampa mbegu za mbaazi, akarudi kwa miguu. Hakueleza sababu. Alipoulizwa alisema tu kwamba mahindi yalikuwa yanakaribia kukomaa na ngedere walikuwa wengi.

Uraia wake ulitoka mwaka 1976. Siku hiyo alilima kama kawaida.

Miaka iliyofuata, shamba lake na la Melkizedek yalipakana. Kila asubuhi palikuwa na shikamoo, palikuwa na marahaba. Kwenye mikutano waliendelea kubishana, kuhusu mpaka, kuhusu zamu ya kufyeka shamba la kijiji, kuhusu wafugaji waliokuja na ng'ombe kutoka mbali. Kwa hao wafugaji, jambo la kushangaza, Filomena ndiye aliyetaka wazuiwe, na Melkizedek ndiye aliyesema wasikilizwe kwanza. Kila mmoja alikuwa na sababu zake.

Filomena alizikwa Ijumaa, katika makaburi ya kijiji. Tulimwomba Mzee Melkizedek neno. Alisema hivi: "Nilimpinga, na mpaka leo nasema babu yangu hakulipwa haki yake. Lakini yule mama hakuwahi kutaka nisilitaje jambo hilo. Wengine wote walinitaka nilisahau."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kipindi hiki tunatoa pole kwa Gaudiosa, kwa wajukuu wanne, kwa Anselmi huko aliko Msumbiji kama sauti hii inamfikia, na kwa watu wote wa Lugongoni, wa mlimani na wa kambi. Mwenyezi Mungu awape subira.

Na wewe unayetusikiliza, tunakuachia jambo la kutafakari. Siku moja utakaa kwenye mkutano wa kijiji chako. Atasimama mtu ambaye humpendi, ambaye unaona amekuja juzi, na atauliza swali ambalo ulipaswa kuliuliza wewe. Siku hiyo utamwuliza ametoka wapi, au utamjibu?