Meseji Zilizojibiwa kwa Jina Langu

Kamwene! Haya, mmeitika, ila huu upande wa kushoto mmeitika kama watu walioshikwa na baridi. Kamwene! Sawasawa. Mimi siwaoni, kwa hiyo mkikaa kimya nitadhani mmeondoka mmeniacha naongea na viti.

Nimetoka Makambako leo asubuhi. Mwenyekiti wa kikundi chenu cha wasioona aliniomba nije Njombe nizungumze kuhusu simu na mambo ya kompyuta, kama yanajenga jamii yetu au yanaibomoa. Nikamwambia, mama, mimi si mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi niliyepofuka nikiwa na miaka arobaini na moja. Nitasema yaliyonipata, na maoni yangu mtayakuta humo humo. Majina ya watu sitataja. Yule ambaye hata nisipomtaja mtamjua, mume wangu, amenipa ruhusa. Tumekuja wote. Nadhani amekaa karibu na mlango, nimemsikia akikohoa.

Ugonjwa wangu ni presha ya macho. Kwangu haukuuma hata siku moja, na huo ndio ubaya wake. Nilikuwa nafundisha Kiswahili darasa la tatu katika shule moja ya binafsi. Nikaanza kugonga madawati kwa nyonga, nikasema darasa limejaa mno. Halafu siku moja naandika ubaoni, nasikia watoto wananong'onezana. Binti mmoja akasema, "Mwalimu, unaandika juu ya maandishi." Nilikuwa nimeandika sentensi tatu juu ya sentensi nyingine tatu, na nilikuwa sijaziona. Nikafuta ubao wote, nikawaambia wachukue vitabu wasome kimya. Mimi nikakaa kitini nimeshika chaki, na chaki ikavunjika mkononi.

Hospitali daktari alisema mshipa wa jicho ukishakufa haurudi. Dawa inalinda kilichobaki. Kwangu kilichobaki kilikuwa kidogo, na ndani ya mwaka kikaisha. Kazi niliiacha mwenyewe, msije mkadhani nilifukuzwa. Niliandika barua kwa mkono, mistari imepanda na kushuka, nikaaga.

Basi nikakaa nyumbani. Simu yangu ilikuwa ya kupangusa, kioo kitupu, haina kitufe cha kupapasa. Kwa mtu asiyeona, kioo kile ni kama kipande cha kigae. Kwa hiyo mume wangu ndiye aliyekuwa ananisomea. Anafanya kazi kwenye mbao. Akirudi jioni, kabla hata ya kuvua buti, anachukua simu yangu, anasoma.

"Dada yako anakusalimia. Kampuni ya simu wanatangaza vifurushi. Basi."

"Basi tu?"

"Basi tu, mama."

Mwanzoni salamu zilikuwa nyingi. Baadaye zikapungua, na baadaye tena zikawa za dada yangu peke yake, na vifurushi. Walimu wenzangu kimya. Kwaya kimya. Kina mama wa jumuiya, ambao nilipika nao kwenye misiba yote ya mtaa wetu, kimya. Niliwaza, kumbe mtu akipofuka ndiyo basi. Ndugu zangu, nawaambia, mwaka wa pili nilikuwa sichani nywele. Kanisani nilisema nina mafua, Jumapili baada ya Jumapili. Na moyoni niliwasema vibaya watu wale. Nilikuwa nikisikia kwaya inafanya mazoezi, maana kanisa haliko mbali na kwetu, nafunga dirisha.

Mwaka huo huo shangazi yangu akafariki kule Mdandu. Mume wangu akanipeleka, tukazika, yeye akarudi kazini, mimi nikabaki na wafiwa wiki nzima. Aliniachia simu ili aweze kunipigia. Siku ya pili tumekaa mkekani, nikasikia pembeni yangu sauti ndogo inasema maneno haraka haraka, kama mtu anayekimbizwa.

Nikauliza, "Dada, redio yako mbona ina mbio hivyo?"

"Si redio. Ni meseji ya mwanangu. Anauliza kama mbolea imefika."

"Na nani anakusomea?"

"Simu yenyewe. Mimi sioni, tangu surua ya utotoni. Wewe nani anakusomea?"

"Mume wangu."

Halafu akaniuliza swali ambalo sijalisahau: "Kwa hiyo wewe unajua yale tu mume wako aliyoamua uyajue?"

Nilikasirika. Nikamwambia mume wangu ni mtu mwema. Akasema, "Sijasema si mwema. Lete hiyo simu."

Huyo mama ni katibu wa kikundi cha wakulima wa alizeti pale Mdandu. Kumbukumbu za vikao zote anaandika kwenye simu. Alinionyesha kwamba hata simu yangu ilikuwa na programu ya kusoma skrini, ilikuwemo tangu iliponunuliwa. Ukiiwasha, kila unachogusa kinatajwa kwa sauti. Unagusa mara moja inakwambia hiki ni nini, unagonga mara mbili kinafunguka. Nilikuwa nimekaa miaka miwili na mlango uko ndani ya mfuko wa gauni langu, na mimi wala mume wangu hatukujua.

Siku ya kwanza nilitaka kuitupa. Ilikuwa imewekwa Kiingereza, ikasoma Kiswahili kama mzungu aliyeshuka kwenye basi jana. Njombe ikawa "Enjombi". Mama wa Mdandu akacheka mpaka wafiwa wakatugeukia. Tukaibadilisha lugha. Siku ya tatu niliweza kufungua meseji. Ya tano nikaweza kuandika "nipo", na nilijivuna kwa neno hilo moja kuliko cheti changu cha ualimu. Tulipoagana akaniambia, "Ukifika nyumbani, fanya mazoezi na meseji za zamani. Hizo hazina haraka."

Nilifika nyumbani. Kesho yake mume wangu ameenda kazini, mimi nimekaa kibarazani juani, nikaanza mazoezi. Nikafungua meseji za mwalimu mkuu wangu wa zamani, kwa sababu jina lake lilikuwa la kwanza vidole vyangu kukutana nalo.

Simu ikasoma: "Mwalimu, habari za siku nyingi. Watoto wanakuulizia. Tumefikiri urudi tukupe vipindi vya kusoma kwa sauti na masimulizi, mwalimu mwenzako atakusaidia ubaoni. Unasemaje?"

Halafu ikasoma jibu, kwa sauti ile ile: "Asante mkuu. Kwa hali yangu sitaweza. Naomba msinisumbue kwa sasa." Na mwisho wa jibu, jina langu.

Niligusa tena, nikidhani nimekosea. Ikarudia.

Nikaenda kwenye meseji za kiongozi wa kwaya. "Tukufuate Alhamisi kwa mazoezi? Tutakushika mkono." Jibu: "Nimechoka, asanteni." Jina langu. Kina mama wa jumuiya: "Tunakuja kukuona Jumamosi." Jibu: "Msije, ninapumzika." Jina langu. Mwalimu mwenzangu alituma mara nne. Ya nne aliandika, "Sawa, naona hutaki. Mungu akutunze." Nilikaa pale mpaka jua likahama kibarazani. Watu niliowafungia dirisha walikuwa wamebisha hodi, na mlango ulifungwa kwa jina langu.

Jioni mume wangu akarudi. Akachukua simu kama kawaida, akapangusa, haifunguki; programu ile ikiwashwa mtu anayeona anahangaika.

"Simu imeharibika," akasema.

"Haijaharibika. Sasa inanisomea mimi. Nimesoma meseji zote, za miaka miwili."

Nilisikia kiti kikisogea. Kisha akasema, "Ulianguka mara tatu kwenye ngazi ya jikoni. Mara ya tatu mdomo ulijaa damu. Sikutaka uanguke mbele ya watoto wa watu, wakucheke."

"Ungeniambia hivyo. Ungesema, mke wangu, naogopa. Wewe uliandika *naomba*. Ni nani aliyeomba? Mimi niliomba lini?"

"Nilikuwa nakulinda."

"Ulinilinda mpaka nikabaki peke yangu."

Akalia. Mimi sikulia siku hiyo, nilikuwa na hasira sana. Nisiwadanganye kwamba tulishikana mikono tukasali yakaisha. Kwa wiki tatu tuliongea mambo ya chumvi na kuni tu. Lakini wiki ya pili nilisikia anapiga misumari jikoni, siku nzima ya mapumziko yake. Alikuwa anaweka ubao wa kushikia kwenye ile ngazi, ameupiga randa mpaka hauna hata kibanzi. Niliupapasa kesho yake mwenyewe. Kusamehe kulianzia hapo, na hakukuisha siku ile.

Nikamwandikia mwalimu mkuu. Meseji ya mistari minne ilinichukua mchana kutwa. Jibu likaja: nafasi imeshajazwa, pole sana mwalimu. Nikaandika tena: "Sitaki nafasi. Nipe kipindi kimoja kwa wiki. Nikishindwa, nitaondoka mwenyewe kama nilivyoondoka mara ya kwanza." Akanipigia.

"Mwalimu, utasahihishaje madaftari?"

"Madaftari asahihishe mwingine. Mimi mtoto atanisomea, makosa nitayasikia."

"Na nidhamu?"

"Mkuu, nimefundisha miaka kumi na sita. Mtoto anayechezea rula nyuma ya darasa namsikia hata nikiwa ofisini kwako."

Akacheka. Akanipa Jumatano.

Jumatano ya kwanza nilivaa kisikilizio sikio moja. Mpango ulikuwa simu inisomee hadithi taratibu, mimi naitoa kwa sauti yangu. Nimefika katikati, mhusika yuko mtoni, simu ikabadilika. Ilikuwa imejisasisha yenyewe, sijui saa ngapi, ikarudi kwenye Kiingereza cha yule mzungu wa kwenye basi. Sielewi neno. Nikanyamaza. Watoto wakaanza kucheka chini chini, na moyoni nikasikia sauti ya mume wangu, "Wakucheke." Miguu ilitaka mlango.

Nikavua kisikilizio. Nikawaambia, "Simu yangu imesahau Kiswahili. Ninyi hamjakisahau. Nani atamvusha huyu mtu mtoni?" Mikono sikuiona, lakini niliwasikia wakinyanyuka, "Mimi mwalimu! Mimi mwalimu!" Wakamvusha kwa mtumbwi, wakamvusha kwa kamba, mmoja akamvusha kwa trekta. Kengele ilipolia walikataa kutoka.

Leo nina vipindi sita kwa wiki. Kwaya nimerudi, naimba sauti ya pili. Yule mwalimu aliyeandika mara nne nilimfuata nyumbani kwake nikamsomea mwenyewe, kwa mdomo wangu, meseji zake zote nne, ajue zimefika.

Sasa swali la mwenyekiti. Simu inajenga au inabomoa? Kule nyumbani kwetu, ndugu wakitutembelea, nimesikia meza ya watu watano inakula kimya, kila mmoja na kioo chake, mimi peke yangu ndiye ninayeuliza mboga imekolea chumvi. Hilo silitetei. Na wanaotengeneza hizi programu nina ugomvi nao. Ukifungua nyingine, kila unachogusa inasema, "Kitufe hakina jina. Kitufe hakina jina." Juzi nilikuwa najaza fomu ya semina ya walimu, ikaniambia nithibitishe mimi si roboti kwa kuchagua picha zenye daraja. Nikakaa nikawaza, kumbe kwa hawa watu roboti ni mtu asiyeona! Mtu alikaa ofisini kwake akatengeneza kitu kile, na hakuwahi kujiuliza kama mimi nipo. Tuwaambie. Tulalamike kwa maandishi, mara nyingi, mpaka watuzoee.

Lakini simu ile haikunihurumia. Ilinisomea tangazo la vifurushi na ilinisomea "Mungu akutunze" kwa sauti moja, haikuruka neno. Mtu anayenipenda aliruka. Nilihitaji kitu kisichonihurumia ili nijue ukweli, na nilihitaji watu ili niuishi huo ukweli. Kimoja peke yake kisingetosha.

Nawashukuru. Namshukuru mama wa Mdandu kwa swali lililoniudhi. Namshukuru mwalimu mkuu kwa Jumatano. Nawashukuru watoto wa darasa la tatu. Na wewe uliyekaa karibu na mlango, nakushukuru kwa kuniruhusu niseme haya mbele za watu. Najua haikuwa rahisi kupanda gari asubuhi ukijua unakuja kusikia nini.

Kwenu ndugu wa wasioona mliowaleta wenzenu hapa: msomeeni mtu meseji yake yote, hata inayouma, halafu mwulizeni anajibu nini, na mwandike hicho alichosema. Mkiogopa kwa ajili yake, mwambieni mnaogopa. Atajua la kufanya.

Nanyi wenzangu tusioona, maneno yangu yameisha. Toeni simu zenu mfukoni, mzishike kwa mkono wa kushoto. Nitapita mmoja mmoja. Wewe mama wa mbele, unayepumua karibu na mimi hapa, tuanze na yako.