Simenti Niliyoilaza

Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Mafundi wenzangu, na nyinyi wanagenzi mliokaa mkekani pale mbele, assalaam alaykum. Nimeombwa nieleze nilivyoingia katika kazi hii ya uashi. Nitaeleza, lakini nawaonya mapema: bado nina hasira nayo.

Mimi mtu wa Kaole. Kwetu tulikuwa waashi wa chokaa, tangu babu. Tulichoma mawe ya pwani tanuuni, tukaizima chokaa kwa maji, tukaichanganya na mchanga, kisha tukaifunika kwa makuti yaliyoloweshwa, ikalala siku kumi, kumi na tano. Baba akimwona mtu anajengea chokaa ya jana, alikuwa anaondoka mahali pale bila kuaga. Lakini watu walipoanza kuhamia vijiji vya ujamaa, kila jengo likawa la simenti, na chokaa yetu ikakosa wa kuitaka. Nilikuwa na mke na watoto wawili. Nikajiandikisha katika kituo cha mafunzo ya ujenzi, shabaha yangu moja tu: cheti cha ufundi daraja la tatu. Bila cheti kile ningebaki kibarua maisha yangu yote.

Ndugu zangu, nawaambia, miezi sita sikushika mwiko! Nachekecha mchanga. Nikimaliza mchanga, nachota maji. Nikimaliza maji, naambiwa mchanga wa jana haukuchekechwa vizuri. Mwalimu wetu alikuwa fundi hasa, hilo simnyimi, ila maneno alikuwa nayo manne: shika, weka, toa, nyamaza. Ukimuuliza swali anakutazama kama umemkanyaga kidole. Basi nikaacha kuuliza. Tena nikajiambia, mimi mtoto wa waashi, niulize nini? Mnacheka? Chekeni, mnajijua.

Hata tukapelekwa kijiji cha Kiwangwa kujenga darasa. Simenti siku zile ilikuwa adimu. Tuliisubiri wiki tatu, ikaja mifuko sita. Alhamisi alasiri mwalimu akaniambia, "Kesho asubuhi utashika mwiko. Tayarisha kila kitu." Akapanda lori akarudi mjini.

Nikatayarisha. Nilichanganya mifuko yote sita na mchanga, nikatia maji, nikafanya tuta zuri, nikalifunika kwa magunia mabichi ili lilale. Nilifanya kazi ile kwa mapenzi, wallahi. Nikasali magharibi moyo wangu mweupe, nikisema kesho atajua mimi mtoto wa nani.

Asubuhi lile tuta lilikuwa jabali. Mwalimu alilipiga sururu, sururu ikaruka.

"Nani alikwambia ufanye hivi?"

"Hakuna, mwalimu."

"Basi rudi kwenu ukachome chokaa. Mtihani huna, cheti huna."

Wenzangu wakanipa mkono wa pole kama nimefiwa. Mmoja akauliza khitma itasomwa lini. Wazee wa kijiji ndio waliokataa niondoke. Walisema nilivunje kwanza jabali langu, vipande viwe kifusi cha sakafu ya darasa. Nikapewa nyundo.

Nilivunja siku nyingi, viganja vimechubuka, na kila pigo namlaumu mwalimu. Kwa nini hakuniambia? Miezi sita ya mchanga, neno moja tu lilimshinda?

Wanawake wa kijiji walikuwa wanatuletea maji ya ujenzi. Mmoja, mama wa makamo aliyehamia kutoka Mkange, akatua ndoo yake karibu nami.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kila siku unanung'unika hapa. Nani alikwambia simenti inalazwa?"

"Hakuna, mama."

"Na wewe ulimuuliza nani?"

Nikainua nyundo tena.

"Basi hilo jiwe ni lenu wawili. Yeye hakusema, wewe hukuuliza." Akajitwika ndoo akaenda zake.

Nilimchukia mama yule mpaka adhuhuri. Baada ya sala nikamfuata mwalimu, nikamuuliza, "Kwa nini simenti hailazwi?" Akasema nyamaza, kavunje mawe. Nikauliza tena. Akanitukana. Nikauliza mara ya tatu. Ndipo akakaa juu ya jabali lenyewe, akanieleza: simenti ikishaonja maji huanza kukamata hapo hapo, ukichelewa kwa saa mbili imekwisha. Chokaa hukamata kwa hewa, ndiyo maana ukiifunika na unyevu wake inakusubiri.

Kumbe sikuwa mjinga! Nilikuwa na elimu ya kitu kingine.

"Nilidhani unajua," akasema.

"Na mimi nilidhani najua, mwalimu."

Alinirudisha kundini, akanipa mwiko. Sisemi aliacha ukali, hapana. Mtihani wa mwaka ule ulinipita, nikafanya wa mwaka uliofuata, nikapata cheti changu. Sakafu ya darasa lile ina jabali langu chini yake.

Nawashukuru wazee wa Kiwangwa walionizuia. Namshukuru yule mama. Na mwalimu pia namshukuru, ingawa miezi sita ya mchanga sijamsamehe sawasawa, Mungu anisaidie.

Sasa nina jambo la aibu. Leo asubuhi mmoja wenu hapo mkekani, dada yule mwenye kanga ya kijani, aliniuliza kwa nini tofali linaloweshwa maji kabla ya kujengewa. Nikamjibu, "Wewe fanya tu." Mimi! Niliyevunja mawe kwa ajili ya neno moja! Nilipokuwa nawasimulia hapa nimemwona ameinamisha uso.

Dada, nisamehe mbele ya jamaa hawa. Tofali kavu hunyonya maji ya udongo wa simenti kabla haujakamata, ukuta ukakosa kushikana. Ndiyo sababu yake. Kama kuna lingine, simama uliulize sasa hivi, nami sikai mpaka nikujibu.