Salamu Maria Mbili za Mama Godelive Kaswera

(22 Mei 1938 – 15 Februari 2001)

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na binti yake Marie-Jeanne kwenye mazishi, Butembo, Jumamosi tarehe 17 Februari 2001

Ndugu, majirani, wakristo wa jumuiya, na ninyi mliotoka Beni na Masereka kwa barabara ambayo siku hizi mtu haianzi bila kuaga nyumbani kwake: familia inawapokea na kuwashukuru. Mnaletewa maisha ya Mama Godelive Kaswera kama alivyoyaishi. Wazee wa ukoo waliomba aya mbili zifupishwe. Zimefupishwa, lakini hazikuondolewa.

Mama Godelive alizaliwa Masereka tarehe 22 Mei 1938, mtoto wa pili wa mkulima wa viazi na ngano. Alipokuwa na miaka tisa alitumwa kuuza vitunguu majani soko la Alimbongo. Jioni akarudi na mzigo mzima mgongoni, haukupungua hata fungu moja. Mama yake akamuuliza kama kuna mtu aliyenunua.

"Hapana, mama," akajibu. "Nilikuwa naangalia batu."

Siku ile alichapwa, na mdogo wake Agar, aliye nasi hapa, anakumbuka fimbo ilikuwa ya mti gani. Kumbe mtoto alikuwa ameanza kazi yake.

Alisoma kwa masista wa Butembo, akamaliza mwaka 1955 na cheti cha ushonaji. Masista wakamweka awafundishe wenzake kukata na kushona. Katika misheni hiyo kulikuwa na padri mzungu aliyepiga picha za sinema na kuzionyesha Jumapili kwenye ukumbi wa parokia. Mwendeshaji wa mashine alikuwa kijana mtanashati, Zorobabel Maliro, mtu pekee wa rika lake mwenye saa ya mkononi. Siku moja filamu ilikatika, naye akawa anaiunga kwa gundi mbele ya watu. Godelive alikuwa amekuja kupima pazia, akasimama na kumtazama.

"Weye unaunga sawa na mutu mwenye kufunga mbuzi," akamwambia. "Leta hapa."

Akaiunga yeye, na jicho halikuona mahali ilipokatikia. Kuanzia siku hiyo padri akamfundisha kuunga filamu, na baadaye kushika kamera yenyewe. Ilikuwa kamera ya kutia ufunguo kama saa ya ukutani. Ukiizungusha mpaka mwisho, inakwenda sekunde ishirini na nane, kisha inasimama, utake usitake. Zorobabel alipima muda kwa saa yake. Godelive hakuwa na saa. Alijaribu kuhesabu, akapotea. Alijaribu wimbo, akauimba haraka. Mwishoni aligundua kwamba Salamu Maria mbili, zikisaliwa kwa mwendo wa rozari ya jioni, zinaisha pale pale ufunguo unapoisha. Basi kila picha aliyoipiga maishani aliipiga akisali kimoyomoyo, na Amina ya pili ikifika, picha imekatika. Padri alicheka mpaka machozi, lakini alikiri kwamba hajawahi kuona mtu anayepoteza filamu kidogo namna ile.

Alifunga ndoa tarehe 10 Agosti 1957 na mwalimu Apollinaire Sikuli, kwa mbuzi kumi na wawili, mmoja wao kilema. Zorobabel alisimamia ndoa hiyo, na baadaye akawa baba wa ubatizo wa mtoto wa kwanza, Vagheni. Walikuwa watu watatu wa chungu kimoja. Mwalimu Apollinaire alikuwa mtu mpole, mwenye mwandiko mzuri, aliyependwa na wanafunzi. Alikuwa na udhaifu mmoja: hakuweza kuvumilia kuchekwa.

Padri aliondoka Juni 1960, kamera akamwachia Godelive mikononi. Tarehe 30 Juni, siku ya uhuru, kila mwenye miguu alishuka Butembo kucheza. Zorobabel alikuwa huko na shati jeupe. Mwalimu alikuwa huko na kwaya ya shule. Lakini ilikuwa Alhamisi, ambayo kwetu ni siku ya ine, siku ya nne ya kazi, tena siku ya soko, na wanawake wa Masereka walikuwa na mizigo. Godelive, mwenye mimba ya miezi mitano, akapanda mlimani na kamera. Aliwapiga picha wanawake wakishuka njia ya Alimbongo na kabichi na viazi mgongoni, mkanda ukiwavuta paji la uso, huku ngoma za uhuru zikisikika kwa mbali, wasijue kama zinawahusu. Akapiga picha thelathini. Alizituma Ulaya kusafishwa kwa njia ya misheni, zikakaa miezi minane. Zilipofika akaziunga juu ya meza yake ya kushonea. Filamu ikawa ya dakika kumi na nne, akaiita *Siku ya Ine*.

Machi 1963 yalitangazwa mashindano ya filamu Léopoldville, mji mkuu, tuzo zitolewe baada ya Pasaka. Karatasi za kuandikisha zilikuwa na mahali pa kusaini mume, kama mwenye filamu ni mke wa mtu. Godelive alimpa mumewe karatasi zile. Zikakaa siku tisa katika mfuko wa koti lake. Siku ya kumi akamuuliza.

"Nimesaini," akasema mwalimu.

Hakusema uongo. Godelive akafunga makopo ya filamu ndani ya kitenge chake cha harusi, akamkabidhi Zorobabel, aliyekuwa na safari ya huko. Akamsindikiza mpaka kwenye gari.

Tarehe 4 Mei redio ilisoma washindi. Mama Godelive alikuwa amealika majirani na kupika kuku wawili. *Siku ya Ine* ilipata tuzo ya kwanza na medali ya serikali. Kisha likasomwa jina la mtengenezaji wake: Zorobabel Maliro, wa Butembo. Mtangazaji akamuuliza mshindi ni vipi kila picha ina urefu ule ule, kama pumzi ya mtu mmoja. Sauti ya Zorobabel ikajibu kwa Kifaransa safi kwamba alipima kwa saa yake.

Majirani walipiga makofi, kwa kuwa Zorobabel alikuwa mtu wa kwao. Mwalimu Apollinaire alinyoosha mkono kupunguza sauti.

"Ile siku hakukuwa hata kule," Godelive akasema. "Alikuwa anacheza ku Butembo na weye. Karatasi ulisaini namna gani?"

"Mama Vagheni, unisikilize," mwalimu akasema. "Batu batanicheka. Batasema bibi ya mwalimu anazungukaka mu barabara na kamera, na bwana anamuruhusu. Lakini sisi tuko kitu kimoja na Zorobabel. Tuzo imefika ku nyumba."

"Nyumba ya nani?"

Mwalimu alikuwa ameiacha wazi sehemu ya ruhusa ya mume, akasaini karatasi nyingine, ya shahidi, kwamba aliiona kwa macho yake kazi ya Zorobabel. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe Mama Godelive ndiye aliyeishona. Aliwagawia wageni kuku, akaosha vyombo. Tangu siku hiyo hakushika tena kamera. Alishona sare za shule miaka thelathini na moja, na kila mwaka baada ya Pasaka, majira ya tuzo, alifungua redio na kusikiliza majina mpaka la mwisho. Aliyemuuliza anasikiliza nini aliambiwa anangoja jina la mwanamke. Lilipokosekana alizima redio na kurudi kwenye cherehani.

Agosti 1964 waasi waliingia Butembo. Waliwatafuta wenye tai, wenye kalamu na wenye karatasi za serikali. Mama Godelive alimpeleka mumewe Masereka, akamficha wiki kumi na moja katika ghala la viazi la Agar, akimpelekea chakula kwa miguu. Ndiyo, mume yule yule. Alipoulizwa baadaye kwa nini, alisema alikuwa ameolewa naye, hakuwa ameolewa na saini yake.

Zorobabel alikuja nyumbani kwa Mama, Butembo, mchana wa jua kali, jasho limemlowesha, medali ameifunga kwenye kitambaa. Ilikuwa na nembo ya serikali, na kukutwa nayo kulikuwa kifo.

"Mama Godelive, hii kitu haiko yangu!" akalia. "Iko yako! Ni weye ulifanya ile filme, Mungu anajua. Uichukue!"

Hiyo ndiyo mara pekee aliyosema kweli, nayo alisema ili risasi ibadilishe mlango. Mama Godelive aliipokea. Akaizika nyuma ya jiko chini ya magimbi; jembe alilishika Agar, aliyekuwa ameshuka kutoka Masereka siku ile, na Agar alisikia kila neno. Kabla ya Noeli jeshi lilirudi na mji ukatulia. Siku ya tatu Zorobabel akapiga hodi, shati limepigwa pasi, akaomba medali yake. Aliitamka hivyo: medali yangu. Mama Godelive akachimba, akaiosha udongo, akampa. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Hii imefika miaka thelathini na minane, na ina lami.

Mwalimu Apollinaire alifariki mwaka 1989. Mwaka 1994 Mama alipatwa na kisukari, na kufikia mwaka 1999 macho yote mawili yalikuwa yamezimika. Habari ya filamu aliwasimulia watoto wake mara nyingi, na hapa binti yake anayesoma lazima aseme ukweli wake pia: hakumsadiki. Alimpenda, akamwitikia "ndiyo mama", akadhani ni uchungu wa mjane na wa kipofu. Mzee Zorobabel ndiye aliyekuwa na medali.

Tarehe 8 Machi 2000, siku ya wanawake, kamati moja ya hapa mjini iliamua kuwaheshimu wanawake wa sinema. Kaseti ya *Siku ya Ine* iliagizwa Kampala, akaileta Kasimu, msafirishaji wa Beni, katikati ya magunia ya chumvi. Mwenyekiti wa kutoa tuzo kwa wanawake alichaguliwa Mzee Zorobabel. Mama aliketi nyuma na binti yake, asione kitu. Filamu ilipoanza, binti alisikia mama akinong'ona. Alisali Salamu Maria, ya kwanza, ya pili, akasema Amina, na papo hapo picha ikakatika. Akaanza tena. Amina, picha ikakatika. Mara thelathini, bila kukosa hata moja, macho yake yakielekea ukutani. Binti alilia kwa aibu, na aibu hiyo hajaimaliza. Wiki ile alifungua sanduku la baba yake, akakuta nakala ya karatasi ya shahidi, na mwandiko ule mzuri.

Mwisho wa sherehe Mama naye aliitwa mbele. Mzee Zorobabel alimpa cheti cha shukrani "kwa kuwapikia watengenezaji wa filamu". Mama aliomba asomewe mara mbili. Kisha akaagiza kitundikwe jikoni, juu kabisa ya mafiga, na moshi umekishughulikia vizuri.

Januari mwaka huu figo zilichoka. Alilazwa hospitalini siku kumi na tisa, akarudishwa nyumbani kwa ombi lake, akafariki Alhamisi tarehe 15 Februari 2001, saa nne asubuhi, siku ya ine, wanawake wakipita barabarani na mizigo ya soko. Neno lake la mwisho kwa binti yake lilikuwa: "Musigombane naye. Lakini museme."

Tumesema, Mama.

Ameacha watoto watatu: Kambale Vagheni, anayekaa Beni katika komini, yaani kata, ya Ruwenzori; Sikitu; na Marie-Jeanne. Ameacha wajukuu kumi na mmoja, dada yake Agar, cherehani inayofanya kazi, na filamu moja ya dakika kumi na nne.

Mzee Zorobabel Maliro yuko nasi, kiti cha mbele, medali kifuani. Ni baba wa ubatizo wa Vagheni; asisumbuliwe na mtu yeyote. Familia inamwomba jambo moja tu. Sasa hivi sote tutamsalia marehemu Salamu Maria mbili, kwa mwendo wa rozari ya jioni, mwendo aliotufundisha yeye. Mzee, tafadhali, wewe angalia saa yako. Tukisema Amina ya pili, utuambie mbele ya kaburi hili ni sekunde ngapi.

Kisha Mama yetu alale kwa amani.