Bi Taratibu: Miaka Thelathini na Mitatu ya Kuketi na Waliofiwa

Ijumaa, tarehe thelathini ya mwezi huu, mwenzetu Bi Taratibu atakabidhi ufunguo wa Chumba Namba Nne na kustaafu rasmi, baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na mitatu na miezi miwili. Hiyo miezi miwili imehesabiwa na ofisi ya utumishi. Mwenyewe alikuwa ameshaisahau. Jina lake la kuandikiwa barua lipo kwenye jalada, lakini sidhani kama wapo watu kumi humu ndani wanaolijua. Hili tunalomwita alipachikwa na dereva wa gari la wagonjwa. Siku moja dereva huyo alikuwa anakimbia koridoni na kitanda cha magurudumu, akasikia sauti ya mama nyuma yake: "Taratibu, baba, taratibu." Akageuka kwa hasira amweleze kwamba ana mgonjwa mahututi. Kumbe kitanda kilikuwa kitupu. Mgonjwa alikuwa amebaki garini.

Hakuanza kazi kama mshauri nasaha. Alianza akiwa na umri wa miaka ishirini na saba, karani wa kumbukumbu kwenye lile dirisha la mwisho la korido ya chini, mahali ndugu wa marehemu wanapokuja kutia sahihi na kupokea vitu vya mpendwa wao: viatu, miwani, saa ya mkononi. Kila mtu alipangiwa dakika tano. Karani wetu aligundua kwamba baada ya dakika tano watu hawakuondoka. Walisimama palepale na mfuko mkononi, hawajui waelekee wapi. Akaomba benchi, akawawekea. Benchi likajaa. Akaenda kwa muuguzi mkuu wa wakati ule kuomba chumba, akaambiwa hakuna. Muuguzi mkuu husimulia kwamba alirudi mara kumi na moja, na kila mara alianza kwa kuamkia na kuuliza hali ya watoto, mmoja mmoja, kabla hajataja shida yake. Mara ya kumi na mbili akapewa stoo ya mashuka ili akome. Hakukoma. Alisoma masomo ya jioni kwa miaka miwili, akapata cheti cha ushauri nasaha, na stoo ya mashuka ikawa Chumba Namba Nne.

Mkutano wa kwanza wa waliofiwa, Alhamisi kama ilivyo mpaka leo, ulikuwa na watu wawili: mwalimu aliyempoteza mkewe, na mama muuza nguo aliyempoteza binti. Mama yule hakutamka neno kwa Alhamisi sita. Bi Taratibu alimkaribisha akiingia, akamshukuru akitoka, basi. Alhamisi ya saba mama akasema, "Leo nimepita mbele ya shule yake." Bi Taratibu hupenda kusema kwamba kazi aliijifunza siku hiyo. Chuoni alifuata karatasi tu.

Mimi nililetwa kwake miaka kumi na tisa iliyopita, binti niliyetoka masomoni na daftari jipya na kalamu za rangi nne. Kalamu alizikusanya siku ya kwanza. Alinionyesha kwamba mtu mwenye maneno mengi hakalishwi mbele ya mwongozaji, maana macho yako ndiyo kuni zake. Mkalishe ubavuni pako, moto utapungua wenyewe. Alinikataza kumkimbilia anayelia na kitambaa. "Ukimpa kitambaa unamwambia afute," alisema. "Mwache kwanza alie, mwanangu. Kitambaa kipo mezani, anakiona." Kanuni za kikao hakuzibandika ukutani. Kila kundi jipya liliziunda lenyewe, kwa maneno yake, na kila kundi, bila kufundishwa, lilianza na ileile: yanayosemwa humu hayatoki.

Msidhani kilikuwa chumba cha vilio tu. Bi Taratibu, mwanamke asiyetishwa na bosi wala mlevi, anaogopa mjusi. Alhamisi moja mjusi alidondoka kutoka darini akatua katikati ya duara letu. Tulipoinua macho, mwongozaji wetu alikuwa amesimama juu ya kiti, sketi ameikamata kwa mikono miwili, akituagiza sote tutulie. Mwanachama mmoja, mama ambaye mwaka mzima hakuna aliyeyaona meno yake, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akashtuka, akaziba mdomo, kana kwamba ameiba. Bi Taratibu, bado yuko juu ya kiti, akamwambia, "Cheka tu, mama. Hujamsaliti mtu." Mambo hayo hayamo kwenye ripoti ya mwaka.

Sasa nifike kwenye kisa ambacho wengi wenu hamkijui. Nimeruhusiwa kukieleza na mwenye nacho, fundi seremala aliyekuwa mwanachama wetu. Ameusoma ukurasa huu kabla yenu na kusahihisha jambo moja: niliandika kwamba siku tuliyomfuata alikuwa anatengeneza kitanda. Ulikuwa mlango.

Mke wa Fundi alifariki akijifungua. Mtoto alipona, msichana. Fundi alikuja kwetu Alhamisi tisa, na ya tisa akalitoa lililokuwa limemkaba: hawezi kumbeba mwanawe. Akimtazama, alisema, anamwona aliyemchukua mkewe, halafu anajichukia kwa kuwaza hivyo. Hakuna aliyemhukumu. Yule mwalimu wa mkutano wa kwanza, aliyekuwa bado anakuja, alimwambia tu, "Endelea kuja."

Wiki hiyohiyo, mchana, nilikaa kantini na rafiki yangu muuguzi nikimlalamikia jinsi kazi inavyonielemea. Nikamsimulia habari za baba mmoja, fundi, ambaye hawezi kumshika mtoto wake. Jina sikulitaja. Lakini mwezi ule mafundi waliofiwa na wake kwa namna ile hawakuwa wengi, na kwenye meza ya nyuma yangu alikuwa ameketi mfanyakazi wa dobi, dada wa marehemu. Siku mbili hazikupita. Ukoo wa mke ulikwenda kumchukua mtoto, kwa upole na kwa hofu, wakamwambia Fundi apumzike kwanza.

Alhamisi iliyofuata Fundi alikuja, akasimama mlangoni, hakuketi. "Mama," alimwambia Bi Taratibu, "mlisema hayatoki." Akaondoka. Watu tisa wakabaki wakitazamana. Kila mmoja alimshuku jirani yake, nami nilikaa katikati yao na ulimi wangu mdomoni. Juma lililofuata walikuja watatu.

Nilimwendea Bi Taratibu asubuhi, kabla hajavua koti, nikamwambia ni mimi. Nilitarajia anifokee, ningefarijika. Aliketi. Koti likiwa bado mwilini, akaniuliza kama kuna mwingine niliyemwambia. Hakuna. "Basi kwanza tutakwenda kwa mwenyewe," alisema. "Halafu Alhamisi utawaambia wenzako kwa mdomo wako. Nitakaa kando yako, lakini sitakusemea." Siku hiyohiyo aliliandika jambo lile kwa uongozi, nami nikapata barua ya onyo ambayo bado imo kwenye jalada langu, mahali pake panapostahili.

Njiani nilikuwa nikijipangia maneno. Alinisikia nikiyapanga. "Usimwambie kwamba hukutaja jina," alisema. "Hilo ni la kukusaidia wewe. Yeye halimsaidii."

Karakana ilinuka gundi na mbao mbichi. Fundi alikuwa anapiga randa, na hakuiacha tulipoingia. Nikasema nilichokwenda kusema. Akanijibu bila kuinua uso: "Msamaha wako nimeusikia. Mwanangu yuko kwa bibi yake."

Ndipo Bi Taratibu akauliza, "Baba, waniruhusu niende kwa huyo bibi? Usiponiruhusu, sitafungua kinywa."

Fundi aliupiga randa mlango wote, kutoka chini mpaka juu. Akapangusa vumbi kwa kiganja. "Nenda," alisema. Kisha akavua aproni. "La, twende wote."

Nyumbani kwa bibi tulipokewa na kukaribishwa viti, lakini uso ulikuwa umefungwa. Bibi alisema hampi mjukuu wake mtu anayemwogopa. Bi Taratibu hakubishana naye. Alisema, "Dada, asiyemtaka mtoto hasumbuki kusema. Huyu alitembea Alhamisi tisa kuja kutafuta kwetu namna ya kumbeba." Halafu akanyamaza. Nimeshaona kimya chake mara nyingi, lakini kile cha siku hiyo kilikuwa kirefu hata mimi nikatamani mtu apige chafya. Mwisho bibi akasema, polepole, "Na mimi nikimwangalia, namwona mwanangu." Akalia. Fundi akalia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wawili hao kulia pamoja tangu mazishi.

Mtoto hakurudi siku ile. Jumapili ya kwanza alikaa na baba yake saa moja, bibi akiwa chumba cha pili na mlango wazi. Zikaja Jumapili nyingine. Miezi minane baadaye alihamia kwa baba yake moja kwa moja. Leo ni binti wa miaka kumi na saba, anamzidi baba yake kimo na, kwa maelezo ya baba mwenyewe, anamzidi na maneno.

Upande wa kikao haukuwa mwepesi hivyo. Nilipokiri, mzee mmoja aliinuka, akachukua kofia yake, akatoka. Hakurudi tena, na nikikutana naye sokoni mpaka leo, mimi ndiye ninayeinamisha macho. Mama mwingine alisema, "Afadhali ni wewe. Nilidhani ni huyu," akimwonyesha mwenzake, na mwenzake akasema alidhani vivyo hivyo. Kwa mwaka mzima Bi Taratibu alipanga viti kwa idadi ya waliokuja, hakuongeza kimoja cha kujipa moyo. Hakuwaahidi kwamba halitatokea tena. Alikuwa akija mapema na kutimiza alichosema, juma kwa juma, hata yale madogo: akisema atampigia mtu Jumatatu, simu inalia Jumatatu. Aliniambia imani ya watu haiombwi, inangojewa kama uji upoe. Tulifika tisa tena baada ya miezi kumi na nne.

Fundi hakuketi nasi tena, na hatukumlaumu. Lakini mwaka wa pili alikuja mwanamume mgeni, akasimama kizingitini akizungusha kofia mikononi, akasema, "Nimefiwa na mke. Nimeelekezwa na fundi wa milango. Amesema hapa naweza kusema." Bi Taratibu alimpa kiti, kisha akatoka kwenda kuchemsha maji ya chai. Alikawia. Chai aliyorudi nayo haikuwa na majani.

Katika miaka hii amewaongoza watu zaidi ya elfu mbili, amefundisha washauri kumi na wanne walio katika hospitali mbalimbali, na ameanzisha kikao cha wauguzi, ambao, kama anavyosema, nao hufiwa kila siku na hakuna anayewapa pole.

Alhamisi yake ya mwisho, kabla hajaanza likizo ya kustaafu, aliingia, akaniambia niongoze mimi. Akavuta kiti upande wa wanachama. "Leo nawaombeni niwe mmoja wenu," alisema. "Nami ninalo langu." Tulitazamana. Kwa miaka thelathini na mitatu tulikuwa tumemmiminia yetu, wala hakuna aliyewahi kumuuliza kama na yeye kuna anayemlilia. Alizungumza kama robo saa, juu ya mtu wake. Aliyoyasema siyaandiki hapa, na mkinikuta koridoni msiniulize. Alipomaliza, yule mama aliyechekeshwa na mjusi, ambaye siku hizi hutusaidia kuwapokea wageni, akamwambia kwa sauti ya chini, "Karibu, dada."

Tangu hapo nimeendesha Alhamisi tatu peke yangu. Zimekwenda salama. Wanachama wanajua kwamba ameondoka, na bado kuna anayeuliza, "Mama leo haji?" Natamani kumsikia akiimba anapofuta meza, wimbo uleule ambao hajawahi kuupatia. Nakosa hata lawama yake, ule utaratibu wake wa kuniangalia juu ya miwani nikiharakisha swali. Juzi niliharakisha swali. Nikanyamaza nikisubiri kuangaliwa. Hakuna aliyeniangalia, ikabidi nijirudi mwenyewe.

Anahamia kwa bintiye, mwendo wa siku nzima kutoka hapa, kuishi na wajukuu wawili mapacha waliokwisha kumwonya kwa simu kwamba kwao watu hukimbia. Tunawaombea mapacha hao subira.

Mama, ahsante kwa benchi, kwa stoo ya mashuka, kwa kila mtu uliyemkalisha alipokuwa hajui aende wapi. Ahsante kwa siku uliyoniacha niseme mwenyewe. Nenda ukae sasa, nawe upokewe, uletewe chai, uulizwe hali. Maisha yawe mema kwako na usingizi uwe mtamu. Nasi huku tutakuwa na hamu nawe Alhamisi zote, na hatutaitafutia dawa.