Msasa wa Mama Mkwe

"Dawa ya meno ya mama mkwe wangu ni msasa mtupu," ilisema sauti kutoka kiti cha mbele ndani ya basi, na mama aliyeketi nyuma akakumbatia kikapu chake cha mikebe ya dawa hiyo. Sauti ile ilikuwa ya mke wa mwanawe.

Abiria aliyeketi kando ya binti huyo, ambaye hawakujuana naye hata kwa salamu, akacheka. "Kwani anatia nini?" Binti akajibu, "Karafuu, mwarobaini na chumvi ya mawe. Anatwanga, halafu anachekecha kwa chujio la chai! Fizi zote zimechubuka." Siri za nyumbani humwagwa vizuri zaidi mbele ya mgeni.

"Si umwambie?" "Nimwambieje, dada? Kila asubuhi ananisimamia nikipiga mswaki. 'Vipi, mwanangu?' Nami nasema, 'Safi, mama.'" "Mwenyewe haitumii?" "Anaitumia, lakini yake ni meno ya bandia, anayasugulia kikombeni. Kikombe kina fizi?"

"Mwambie! Mficha maradhi kilio humuumbua." "Bora niumbuke mimi kuliko kumwaibisha mama wa watu."

Mama wa watu alitamani sakafu ya basi ipasuke immeze. Siku hizi binti akicheka huziba mdomo kwa kiganja, na yeye alikuwa akijisifia kwa majirani: mkwe wangu ana haya, amelelewa akaleleka.

Basi likasimama. Binti akainuka, akageuka, macho yakagongana.

"Shikamoo, mama," akasema akitabasamu, kiganja kikiwa tayari mdomoni.