Jezi Nambari Saba na Mpwa wa Navunisole

Mheshimiwa Ratu Ilaitia, mkuu wa Navunisole. Waheshimiwa wazee wa vijiji vingine vinne ambavyo watoto wao wanasoma hapa. Mwalimu Mkuu wetu, Bi. Prasad, Koplo Vereniki, ambaye leo amekuja bila pingu, wazazi, walimu, wanafunzi mliokuwa wenzangu hadi wiki iliyopita, na wewe, Kaka Apakuki, uliyeketi nyuma kabisa ingawa kiti chako kiko mbele: bula vinaka.

Walimu wangu ni mashahidi kwamba kwa miaka sita sikuwahi kuinua mkono darasani. Bi. Prasad aliponiambia nizungumze kwenye uzinduzi wa kabati hili jipya na kumuaga Kaka Apakuki, nilimwambia siwezi. Akanijibu, "Laisani, uliweza mbele ya hakimu. Hapa kuna mama yako tu na keki." Basi nisameheni nikisoma kwenye karatasi.

Sote tunaijua jezi iliyomo kabatini. Ni ya marehemu Mwalimu Peceli, mtu wa kwanza kutoka shule hii kuichezea raga timu ya taifa ya Fiji. Ina doa la damu begani, na yeye alisisitiza mpaka kufa kwamba damu hiyo si yake. Mwalimu Peceli alikuwa mjomba wa Kaka Apakuki, kaka wa mama yake, na hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Siku ile, saa nne asubuhi, nilikuwa maktaba nikipanga vitabu. Akaingia Kaka Apakuki, nyota wetu wa raga, ambaye picha yake imebandikwa hata kwenye duka la mikate.

"Laisani, mdogo wangu. Umekula?"

"Nimekula, Kaka."

Akafungua kabati la zamani, ambalo halikuwa na kufuli, akaikunja jezi, akaitia kwapani. "Naenda kucheza Suva," akasema. "Mjomba atanisindikiza." Akaondoka bila haraka. Je, ni mwizi gani huuliza kwanza kama umekula?

Lakini Bi. Prasad aliponiuliza jezi iko wapi, nilimwambia nilichokiona, naye akapiga simu polisi. Koplo Vereniki alimkamata Kaka Apakuki kwa heshima zote. Akamwandikisha maelezo, akamwomba asaini. Kisha akamwomba asaini karatasi nyingine nne, kwa sababu Koplo ana watoto wanne.

Navunisole ilichukia. Tangu lini mpwa akaitwa mwizi kwa wajomba zake? Na Kaka Apakuki alikuwa ameshapata timu Ufaransa. Wenye timu waliandika kwamba akipatikana na hatia, asijisumbue kufunga mizigo. Usiku sikulala. Asubuhi bibi yangu alinimiminia chai, akasema, "Ukifungua mdomo, mtoto wa watu hafiki Ufaransa. Ukiufunga, umeishika Biblia kwa uongo. Mimi sina la kukusaidia. Kunywa chai."

Mahakamani, wakili wa Kaka Apakuki alinijia akitabasamu.

"Binti, mshtakiwa ni mtoto wa dada wa Navunisole?"

"Ndiyo."

"Mpwa akija kwa wajomba akabeba nguruwe, akabeba mkeka, kuna anayeita polisi?"

"Hapana."

"Basi wizi uko wapi?"

Nilitazama viatu vyangu. Nikasema, "Yeye ni mpwa wa Navunisole. Shule ni ya vijiji vitano. Kwa vile vinne, yeye ni mgeni."

Wazee wa vijiji vinne, mliokuja siku ile kumtazama mchezaji tu, mnakumbuka mlivyoanza kukohoa?

Hakimu akamgeukia Kaka Apakuki. "Jezi iko wapi sasa?"

"Niliombwa, Mheshimiwa."

"Na nani?"

"Dereva wa teksi, Suva. Alisema ni nzuri."

"Ukampa?"

"Mheshimiwa, aliomba."

Hakimu naye ni mzaliwa wa visiwa hivi, anajua kwamba kwetu ukiombwa kitu hukatai, kwa hiyo hakuuliza zaidi. Alitoa siku thelathini: jezi irudi na shule iombwe msamaha, na hatia haitaandikwa popote.

Dereva alikuwa ameshaombwa jezi na shemeji yake. Shemeji alikuwa ameshaombwa na shemasi mmoja huko Levuka, ambaye alikuwa akiivaa kulimia magimbi. Kaka Apakuki aliomba, na hakuna aliyemnyima. Lakini nao waliomba. Dereva aliomba saa. Shemeji aliomba viatu. Shemasi, mtu wa Mungu, aliomba sanduku jipya la safari. Siku ya ishirini na tisa, nyota wetu alipanda ngazi za shule hii peku, jezi ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi. Akapiga magoti mbele ya Bi. Prasad, jino la nyangumi mikononi, kama mila yetu inavyomtaka anayeomba msamaha.

Bi. Prasad alilitazama lile jino, akaitazama ile miguu, akalipokea kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Umekula?"

"Sijala, Mwalimu."

Alikula chapati saba na dengu zote za walimu.

Kesho anaondoka. Ametusamehe sote, na sisi tumemsamehe. Lakini Kaka, tangu siku ile ya mahakama unaponiona njiani unavuka upande wa pili. Sikusema yale ili ufungwe. Nilisema kwa sababu yalikuwa kweli, na kwa sababu nilidhani hata wewe ungeona haya kama ningesema vingine.

Mabibi na mabwana, kabati hili lina rafu mbili, na ya pili ni tupu. Kwa hiyo, mbele ya Ratu, mbele ya wazee wa vijiji vitano na mbele ya polisi, Kaka Apakuki, nakuomba jezi utakayovaa mechi yako ya kwanza Ufaransa. Nimeomba. Unajua huwezi kukataa.

Usiitume kwa posta. Ilete mwenyewe. Safari hii kabati lina kufuli, na mwaka huu Bi. Prasad ameniajiri maktaba, ufunguo huu hapa shingoni mwangu. Itabidi ubishe hodi, na nikifungua, itabidi uniulize kama nimekula.

Nitakuwa sijala. Nitakusubiri.

Wazee wangu, wazazi wangu, nawashukuru kwa masikio yenu na kwa subira yenu. Vinaka vakalevu.