Shukrani za Mama Asiye na Mtu

Mheshimiwa Waziri wa Kaunti, Mchungaji wetu, wageni mliotoka Nairobi, na ninyi majirani zangu wa Kambu mlioachwa huko mlangoni: hamjambo nyote.

Mimi ni Syombua, yule wa picha kubwa pale ukutani. Nimeitwa kwenye maonyesho haya ya picha nitoe shukrani kwa niaba yetu sisi tuliopigwa picha, na mtu aliyelelewa vizuri hushukuru.

Basi mwanangu Nzomo, mpiga picha wetu, asante. Ulikaa nasi kando ya reli, ukala muthokoi wetu wa mahindi na maharagwe, na mvua iliponyesha ukalala kwangu. Viongozi wetu hawajakaa hata nusu ya hapo. Asante pia kwa kunifundisha kupigwa picha. Sisi tukiona kamera huvaa nguo za kanisani, wewe ukaniambia, "Mama, vaa ile leso iliyochanika. Na usicheke." Nikafikiri labda huko Nairobi kucheka kumepigwa marufuku.

Na hayo machozi, wageni wetu, ambayo nimewaona mkiyatazama huku mkitikisa vichwa, ni ya moshi. Kuni zilikuwa mbichi. Jirani yangu Mwanahamisi alikuwa kando yangu akinicheka mpaka akashika mbavu. Tazameni vizuri pembeni, kiwiko chake kimebaki. Mwenyewe amekatwa, na chini pameandikwa: "Syombua, mama asiye na mtu." Nani alikuambia sina mtu, Nzomo, na majirani hao wote wewe ndiwe uliyewaambia wasogee kando?

Ningenyamaza. Lakini Jumamosi binti yangu Nduku analetewa mbuzi wa ntheo kutoka kwao mchumba wake, huko Kwa Vonza, na Wakamba mnajua, bila mbuzi hao bado hajaolewa. Picha hii imefika huko kwa simu. Wazee wao wakatuma ujumbe wa heshima sana: kama mama huyu hana mtu, mbuzi tutamkabidhi nani? Sasa wanataka kuahirisha. Mimi nina hasira, sifichi.

Nilimwomba Nzomo aiondoe. Akanijibu, "Mama, hii ndiyo picha inayogusa watu." Kweli imegusa. Imegusa mpaka wakwe.

Nawashukuru basi kwa soda, na kwa kunipa masikio yenu. Mwanahamisi, na ninyi nyote wa mlangoni, njooni mnisaidie, picha hii tunaishusha sasa hivi. Na mwenye simu atupige picha sisi tunaoishusha, wote bila kukata mtu, aitume Kwa Vonza.